Shajara ya mradi: kuwatambua mapema wagonjwa wanaoweweseka ICU (wodi ya wagonjwa mahututi)

Wiki ya 1

Kilichonisukuma kuanza mradi huu ni maneno ya binti wa mgonjwa. Mama yake, bibi wa miaka sabini na kitu, alikuwa kitanda cha 2, siku ya tatu tangu apasuliwe utumbo uliojisokota. Zamu tatu mfululizo zilikuwa zimeandika kwenye chati: "Ametulia, hana malalamiko." Na kweli alikuwa ametulia. Hakuchomoa dripu, hakupiga kelele, hakukataa dawa. Binti akaingia kwa zile dakika kumi anazoruhusiwa, akamsalimia, akamtazama kitambo, kisha akanigeukia: "Sista, huyu siye mama yangu. Mama hawezi kuniona asiniulize wajukuu."

Nikamwinamia. "Shikamoo, bibi." Macho yake yalinipita kama nimesimama nyuma ya kioo. "Marahaba" ikaja imechelewa sana. Vidole vyake vilikuwa kwenye pindo la shuka, vinakunja na kukunjua bila kukoma. Binti akasema taratibu, "Anasuka ukili." Bibi alikuwa anaweweseka mbele ya macho yetu kwa muda ambao hatuwezi hata kuujua, na sisi tulikuwa tunamsifu kwa upole.

Tulipofuatilia tukakuta mambo mawili. Kila usiku alikuwa anapewa promethazini "ili alale", dawa inayovuruga akili za wazee kwa urahisi mno. Na miwani yake ilikuwa kwenye mkoba wa binti tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mlangoni aliambiwa aondoke na vitu vyote vya mgonjwa. Tuliisimamisha dawa, tukaleta miwani, tukampima upya maambukizi, sukari na oksijeni. Siku mbili baadaye aliomba kanga ajifunike kichwa, akauliza wajukuu. Sisemi kwamba miwani ndiyo iliyomponya, maana na mwili ulikuwa unapona. Ninachosema ni kwamba hatukuwa na njia yoyote ya kumwona.

Kwa hiyo mradi ni huu. ICU yetu ina vitanda 6 na iko pwani ya Tanzania. Mimi ni muuguzi, na pamoja nami kuna daktari wa usingizi, mfamasia na mtaalamu wa viungo. Tunataka mambo mawili: kujua mgonjwa yupi ana hatari kubwa ya kuweweseka kabla hajaanza, na kuzuia kinachozuilika. Naandika shajara kwa sababu wenzetu wa hospitali nyingine watataka kujua tulikwama wapi.

Ninapoandika "kuweweseka" hapa nina maana ya akili kuvurugika ghafla, ndani ya saa au siku chache, ikija na kupungua, kwa sababu mwili unaumwa au umepewa kitu. Mgonjwa hawezi kushika umakini. Wapo wanaoweweseka kwa fujo, hao kila mtu anawaona. Wapo wanaoweweseka kimya, na wapo wanaobadilika, mara fujo, mara kimya. Kimya ndiko kunakotuponyoka. Siyo wazimu, siyo uzee, na siyo mashetani, ingawa hayo yote nimeyasikia yakisemwa kando ya kitanda, mengine na sisi wenyewe wenye sare.

Wiki ya 2

Tumekaa na daktari wa usingizi kupitia yaliyokwisha kufanywa na wengine. Kuna utafiti wa Nashville, Marekani, uliotoka 2004: wagonjwa 224 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na 183 kati yao waliweweseka. Ndani ya miezi 6, waliowahi kuweweseka walifariki asilimia 34, wasioweweseka asilimia 15. Utafiti mwingine wa 2013, wa kundi hilohilo la watafiti, uliandikisha watu 821 waliolazwa ICU, ukawafuata walionusurika. Miezi mitatu baadaye, mmoja kati ya wanne waliopimwa alikuwa na uwezo wa kufikiri unaolingana na wa mtu mwenye ugonjwa wa Alzheimer katika hatua za mwanzo. Hawa ni watu tuliowaaga mlangoni tukasema, "Mungu mkubwa, amepona."

Nimeisoma hiyo ya 2013 mara mbili. Namfikiria fundi cherehani aliyetoka kwetu mwaka jana, mkewe akarudi kututembelea akasema mumewe siku hizi anakata kitambaa akisahau kipimo katikati. Tulimjibu kwamba atazoea.

Sasa kubashiri. Waholanzi wa Nijmegen walitengeneza kipimo kinachoitwa PRE-DELIRIC, kikachapishwa 2012. Kinachukua mambo 10 ya saa 24 za kwanza: umri, alama za ukali wa ugonjwa, kama alikuwa hana fahamu, aina ya tatizo lililomleta (upasuaji, ugonjwa wa ndani, ajali, au ubongo), maambukizi, tindikali kuzidi kwenye damu, dawa za kulaza, mofini, kiwango cha yurea (uchafu wa damu unaotolewa na figo), na kama aliletwa kwa dharura. Kilichotugusa zaidi ni sehemu waliyolinganisha kipimo na macho ya wahudumu. Kwenye kigezo ambacho 1 ni kutokosea kabisa na 0.5 ni sawa na kurusha shilingi, kipimo kilipata 0.87. Manesi na madaktari waliobashiri kwa kumtazama mgonjwa walipata 0.59. Sisi tunaojiamini kwamba tunamjua mgonjwa kwa kumwona tu, ndio tunaosemwa hapo.

Tulikwama siku hiyohiyo. Mashine yetu ya gesi za damu, inayopima oksijeni na tindikali kwenye damu, hukaa wiki kadhaa bila vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, kwa hiyo tindikali hatuijui. Bila gesi za damu, alama za ukali wa ugonjwa nazo zinabaki nusunusu. Mfamasia akasema tujaze kwa kukisia. Nilikataa, na bado nakataa: ukikisia mambo mawili kati ya kumi, namba inayotoka mwishoni inaonekana ya kisayansi wakati ni ramli.

Tumehamia kwa mdogo wake, E-PRE-DELIRIC wa 2015. Huyu ana mambo 9, yote yanapatikana saa mgonjwa anapopokelewa: umri, historia ya kusahau au akili kudhoofu, historia ya ulevi, yurea, aina ya tatizo, udharura, wastani wa presha ya damu, kama anatumia dawa za jamii ya steroidi, na kama amezidiwa kupumua. Usahihi wake ni mdogo kuliko wa kaka yake, 0.76, lakini sisi tunaweza kuujaza wote. Ulijengwa na takwimu za nchi 7, hakuna hata moja ya Afrika, kwa hiyo asilimia anayotoa hatuichukui kama msahafu. Tunautumia kupanga nani aangaliwe kwanza usiku wenye nesi wawili.

Kitu kimoja nimekiona nilipojaza fomu za kwanza. Kusahau na ulevi, mambo mawili kati ya tisa, hayapo maabara wala kwenye monita. Anayejua ni mtu aliyekaa nje kwenye mkeka chini ya mwarobaini.

Wiki ya 3

Kubashiri bila kupima hakuna faida, lazima tujue kama aliyebashiriwa ameweweseka kweli. Tumechagua CAM-ICU, kipimo cha 2001 kilichotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa hata wasioweza kusema kwa sababu ya mpira kooni. Kwanza unapima amelala kiasi gani kwa ngazi ya RASS, kutoka -5, asiyeamka hata ukimfinya, kupitia 0, aliye macho na mtulivu, hadi +4 anayepigana. Akiwa -4 au -5 unaacha, unarudi baadaye. Akiwa juu ya hapo unatazama mambo manne: kama akili imebadilika ghafla au inapanda na kushuka, kama anashika umakini, kama RASS yake siyo 0, na kama mawazo yake yamepangika. La kwanza na la pili lazima yawepo, pamoja na la tatu au la nne.

Umakini unapimwa kwa herufi. Unamwambia mgonjwa, "Nitakusomea herufi kumi. Kila ukisikia A, nibane mkono." Kisha unasoma S, A, V, E, A, H, A, A, R, T. Akikosea zaidi ya mara mbili, umakini haupo.

Jambo dogo, tukafikiri tutalimaliza kwa dakika tano. Siku ya kwanza wazee wawili walibana mkono karibu kwenye kila herufi. Tukaandika kwamba wameshindwa. Nesi mwenzangu, ambaye zamani alifundisha darasa la kwanza, akasimama nyuma yangu akasikiliza nikisoma. Akasema, "Dada, wewe unasoma sa, a, va." Ndivyo nilivyosoma, nilivyofundishwa kuunga silabi. Wazee walisikia A kila mahali na walikuwa sahihi kubana! Tumekubaliana sasa herufi zote zisomwe kwa e: se, a, ve, e, a, he, a, a, re, te. Na H isisomwe kwa Kiingereza. Tumeandika hivyo kwenye kadi kwa herufi kubwa, ikaning'inizwa kwenye kila kitanda. Wale wazee wawili tuliwapima upya siku ileile, mmoja alipita bila kosa.

Mtu asiyejua herufi kabisa naye anaweza kubana akisikia "a", mradi aelezwe kwamba asikilize sauti. Tulijaribu na mama mmoja ambaye hakusoma, akafanya vizuri kuliko mwanawe mwenye diploma aliyekuwa pembeni amechoka hajalala siku mbili.

Mawazo kupangika hupimwa kwa maswali manne ya ndiyo na hapana pamoja na agizo la kuonyesha idadi fulani ya vidole. Jiwe linaelea majini? Baharini kuna samaki? Kilo moja ni nzito kuliko kilo mbili? Nyundo inatumika kupigilia msumari? Tulitafsiri hivyo. Kitanda cha 5 kulikuwa na mvuvi, mzee wa nimonia, RASS 0, macho makali. Nikamuuliza, "Mzee, jiwe linaelea majini?" Akatikisa kichwa kukubali. Nikauliza tena. Akakubali tena, safari hii kwa mkazo, na kwa mkono akaonyesha kitu kinachopanda na kushuka juu ya wimbi. Nikaandika kosa moja.

Jioni mwanawe wa kiume akacheka niliposimulia. "Sista, jiwe la kusugulia miguu linaelea. Sisi tunayaokota ufukweni." Nimeishi pwani maisha yangu yote, nina jiwe hilo bafuni. Mzee alikuwa na akili timamu kunishinda mimi niliyemsahihisha. Swali sasa ni tofali la saruji. Na kwa kuwa tumegusa maneno ya kipimo, daktari wa afya ya akili amekubali kuja mara mbili kwa wiki kuwapima wagonjwa walewale kwa njia yake, bila kuona majibu yetu, tulinganishe. Bila hilo kadi yetu inabaki tafsiri ya manesi tu.

Wiki ya 4

Wiki mbaya. Wagonjwa wa ajali ya basi, vitanda vimejaa, kadi hazikujazwa zamu nne. Sikumlaumu mtu.

Wiki ya 5

Tumeanza na usiku. Nilikaa zamu nzima bila kazi nyingine, nikiandika kila kilichomwamsha mgonjwa wa kitanda cha 1 ambaye kipimo kilimbashiria hatari kubwa. Taa za dari hazikuzimwa. King'ora cha monita ya kitanda cha 4 kililia mpaka nikaacha kukisikia, na hilo ndilo lililonitisha, maana mgonjwa hawezi kuacha kukisikia. Sukari ilipimwa saa 6, damu ilichukuliwa saa 8, na saa 9 usiku akaogeshwa. Kila nesi wa ICU anajua kwa nini tunaogesha saa 9: ili zamu ya asubuhi wakute wagonjwa wasafi. Mzee wa watu akamwagiwa maji wakati hata jogoo hajawika, kisha asubuhi tunauliza kwa nini hajui ni usiku au mchana.

Tulichobadilisha: kuogesha kunafanyika kabla ya saa 3 usiku au baada ya kupambazuka. Kuanzia saa 4 usiku taa za dari zinazimwa, inabaki taa ya mezani. Dawa na vipimo vinavyoweza kusogezwa vinakusanywa pamoja, mgonjwa aguswe mara chache. Mipaka ya ving'ora inawekwa kulingana na mgonjwa, badala ya kuiacha kama kiwandani. Wenzangu wa asubuhi walilalamika, na wana haki, mzigo umehamia kwao. Matroni ametuongezea mhudumu mmoja wa asubuhi kwa mwezi mmoja wa majaribio.

Jambo moja limeshindikana na nataka liandikwe vizuri. Watafiti wa Antwerp, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2012 kwamba kuziba masikio usiku kulisaidia kupunguza wagonjwa kuchanganyikiwa. Viziba masikio hatuna, tukasema tutumie pamba. Usiku wa kwanza nilimwekea baba mmoja wa kitanda cha 3, nikamweleza vizuri, akakubali. Baada ya saa moja nikamkuta ameketi, pamba zote mbili zipo mkononi, anatetemeka. "Sista," akasema, "pamba anawekwa maiti. Mimi bado sijafa."

Nimewaosha maiti wangapi katika kazi hii, nikawaweka pamba kwa mikono hii hii, na sikuwaza. Nilikaa naye mpaka akatulia. Pamba tumeiacha siku hiyohiyo. Anayetaka kuziba masikio kwa njia nyingine tutazungumza, ila kwetu kazi ni kunyamazisha chumba.

Wiki ya 6

Wiki ya mfamasia. Amepitia chati zote na kalamu nyekundu.

Promethazini ya kulaza wazee imeondolewa kabisa. Diazepamu ya "kumtuliza kidogo" imewekewa sharti: lazima iandikwe sababu. Jamii hii ya dawa ndiyo yenye ushahidi mkubwa wa kuchochea kuweweseka, lorazepamu, ndugu yake diazepamu, ilionyeshwa hivyo tangu 2006. Lakini hapa lazima niweke wazi, kwa sababu mwenzetu mmoja alifahamu vibaya akaigoma dawa mahali inapohitajika. Mtu aliyekatishwa pombe ghafla na sasa anatetemeka, anatoka jasho, anaona wadudu ukutani, huyo diazepamu ndiyo tiba yake, pamoja na vitamini B1. Kumnyima ni kumwacha apate degedege.

Ndiyo maana swali la ulevi lina uzito. Tulikuwa tunaliuliza mlangoni mbele ya shangazi, mjomba na shemeji, na kila mtu anajibu "hatumii kabisa". Sasa namwita mtu mmoja pembeni, mara nyingi mke, naanza kwa kusema kwamba jibu lake litatusaidia kumpa dawa sahihi. "Anakunywa gongo, sista, kila siku, ila usimwambie mama mkwe."

Mofini hatukuiondoa. Maumivu yenyewe yanavuruga akili, na mgonjwa aliyepasuliwa tumbo hawezi kupona kwa paracetamoli peke yake. Tunapima maumivu kwanza, tunampa inayomtosha, tunarudi kupima.

Kuna aliyeuliza kwenye kikao kwa nini tusiwape haloperidoli, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, wote wenye hatari kubwa, tukamaliza. Swali zuri, na limeshajibiwa. Waholanzi walijaribu hivyohivyo kwa wagonjwa 1,789, matokeo yakatoka 2018: haikuongeza uhai wala haikuzuia kuweweseka. Mwaka huohuo Wamarekani wakaijaribu kwa watu 566 waliokwisha kuanza kuweweseka, muda wa kuweweseka haukupungua. Kwetu inabaki kwa mgonjwa anayejihatarisha yeye au wengine, kwa kipimo kidogo, huku tukitazama mapigo ya moyo. Dawa ya kinga ya kumeza tukalala haipo.

Na bado kuna ukaguzi wa lazima kabla ya kusema "huyu ni ICU tu imemchanganya". Sukari, palepale kitandani. Oksijeni. Malaria, maana watu wetu husema malaria imempanda kichwani na mara nyingine ndivyo ilivyo. Maambukizi, na shingo kama imekakamaa. Figo. Mpira wa mkojo kama umeziba. Lini alipata choo. Wiki hii kijana mmoja alianza kupayuka mchana, tayari kuna mtu alishaandika "anaweweseka" akaenda zake. Sukari yake ilikuwa chini hatari. Kadi yetu isitufanye wavivu wa kutafuta sababu.

Wiki ya 8

Nimeruka wiki moja, nilikuwa likizo ya msiba.

Mlango. Nilikuwa nalisogeza suala hili kila kikao kwa sababu najua ni gumu. Utaratibu wetu: ndugu mmoja, dakika kumi, mara mbili kwa siku, asiguse kitu. Sababu zake nazijua, maambukizi, msongamano, watu kuzimia, watu kupiga picha. Lakini jambo la kwanza la CAM-ICU linauliza kama akili imebadilika kutoka ilivyokuwa. Mimi nitajuaje ilivyokuwa? Nimemkuta hivi. Wa kunijibu amekaa nje anakula muhogo, anasubiri saa 10 jioni.

Mganga mfawidhi ametukubalia jaribio: kwa kila mgonjwa mwenye hatari kubwa, ndugu mmoja aliyechaguliwa na familia anakaa kwa muda wa saa mbili asubuhi, na muda kama huo jioni. Ananawa, anavaa gauni, anakaa kwenye kiti. Tunampa kazi. Anamwambia mgonjwa leo ni siku gani na yuko wapi. Anamvalisha miwani, anamwekea meno yake ya bandia. Anamsimulia habari za nyumbani, na hapa tumewaomba wasisimulie madeni wala ugomvi wa shamba. Na akiona kitu kimebadilika, anatuita.

Saa ya ukutani tumenunua kwa mchango. Ilikuwa na mjadala wake, kwa sababu monita inasema 14:00 na mgonjwa anasema saa nane, na daktari mmoja mgeni mwezi uliopita aliandika kwamba mgonjwa hajui saa. Alijua vizuri sana.

Mzee mmoja kitanda cha 6 hakuitazama ile saa hata mara moja. Alikuwa kwenye mashine ya kupumulia, amefungwa bandeji mikono yote miwili kwa sababu usiku alivuta mpira. Siku ya kwanza ya jaribio akaja mdogo wake. Tulimfungua mkono wa kulia, mdogo wake akaushika. Kiyoyozi kilikuwa kimezimika na dirisha limefunguliwa, adhana ikaingia kutoka msikiti wa jirani. Mdogo mtu akamwinamia sikioni: "Kaka, hiyo ni alasiri." Mzee akafumba macho, akafungua, akamtazama nduguye usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu aje. Kisha kidole chake cha shahada kikanyanyuka kutoka kwenye shuka. Saa mbili zote mkono ule haukugusa mpira. Bandeji sasa hafungwi ndugu akiwepo, na usiku tunajaribu kupunguza.

Kuhusu maambukizi: muuguzi wa kinga anafuatilia na ataandika ripoti yake mwenyewe. Sitaki niwe mimi ninayejisahihisha.

Wiki ya 9

Mtaalamu wa viungo amechukua usukani, na ndiye aliyetukumbusha kwamba mwaka 2009 Wamarekani wa Chicago na Iowa walionyesha jambo hili kwa wagonjwa 104 wa mashine za kupumulia: walioanza mazoezi mapema, wakati dawa za usingizi zimepunguzwa, waliweweseka siku 2, wengine siku 4. Hakuna dawa tuliyojadili humu iliyofanya hivyo.

Kwa hiyo kila asubuhi, baada ya raundi, dawa za usingizi zinasimamishwa kwa mgonjwa asiye na sababu ya kuendelea nazo, aamke, tumpime, aanze kupumua mwenyewe kadiri awezavyo. Kisha anaketishwa ukingoni mwa kitanda. Watu watatu wanahitajika, mmoja kwa mpira tu. Ketamini tunaitegemea sana hapa na baadhi ya wagonjwa wanaamka nayo wakiona vitu. Tunawaambia kabla na baada: hicho unachoona kimeletwa na dawa, kitaondoka. Mama mmoja aliniambia baadaye kwamba maneno hayo ndiyo aliyoyashikilia.

Wiki ya 11

Watu wanauliza asilimia. Sitaziandika hapa mpaka tuwe na wagonjwa wa kutosha na daktari wa afya ya akili amalize ulinganisho wake. Jambo moja naweza kulisema bila hesabu kubwa: walioandikwa wanaweweseka wameongezeka tangu tuanze. Katibu wa afya alishtuka kwenye kikao, akauliza mradi unaleta ugonjwa au unauzuia. Nilimweleza kwamba hawa walikuwepo zamani pia, chini ya neno "ametulia". Tukishamaliza kuwaona wote ndipo kupungua kutakuwa na maana.

Yaliyobaki mezani: mashine ya gesi bado haina vitendanishi. Mhudumu wa asubuhi mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi. Kadi ya swali la tofali inahitaji kuchapwa upya kwa herufi kubwa zaidi, nesi wawili wamesema usiku hawaioni. Na mgonjwa akihamishiwa wodini, kadi inabaki kwetu, huko hakuna anayejua aliweweseka. Hilo la mwisho linaniuma, nimeomba kikao na wa wodini Alhamisi.

Leo asubuhi nilipopokea zamu nilisoma chati ya kitanda cha 3. Nesi wa usiku, ambaye wiki ya kwanza aliniambia kwamba kadi hizi ni kazi ya kuongezeana, alikuwa ameandika "ametulia", kisha akakata kwa mstari mmoja. Chini yake: "Saa 11 alfajiri. RASS -1. Amekosea herufi 4. Sukari kawaida, oksijeni 91, nimeongeza, daktari ameitwa. Mkewe yuko nje, nimemwambia aje mapema."

Mkewe alikuwa tayari mlangoni, amenawa, ameshika miwani.